Mbwa mwenye saratani ya ini: je, nimpe virutubisho vya ziada kabla ya upasuaji?

Swali
Mbwa wangu wa miaka 11 amekonda na hali chakula vizuri, na ultrasaundi imeonyesha uvimbe mmoja mkubwa upande wa kushoto wa ini. Daktari wa mifugo anapendekeza upasuaji, ila ndugu zangu wananihimiza nianze na manjano, mafuta ya samaki na vidonge vya silimarini (dawa ya mmea inayosemekana kulinda ini). Je, naweza kumpa vyote wakati tunasubiri?

Jibu la 1 (daktari wa mifugo)
Pole sana, ndugu. Uvimbe ukiwa mmoja na umekaa kushoto, matumaini yapo, kwa kuwa saratani inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe mara nyingi hujitokeza hivyo, na ikiondolewa yote mbwa wengi huishi miaka kadhaa. Hata hivyo ini la mbwa hupokea saratani kutoka kwingine, hasa wengu, mara nyingi zaidi kuliko linavyoanzisha yake, kwa hiyo omba wengu ukaguliwe na kifua kipigwe eksirei kabla ya kupanga tarehe.

Manjano na mafuta ya samaki kwa wingi huweza kuchelewesha damu kuganda, na ini hilo hilo ndilo linalotengeneza vigandishaji vya damu, mimi nisingempa. Silimarini hainitishi sana, ingawa kazi inayotarajiwa kwake ni kusaidia seli nzima zilizobaki, wala hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inapunguza uvimbe. Mpe daktari wako chupa zenyewe azione, kwani vidonge vya binadamu, hasa vya kutafuna, huweza kuwa na zailitoli, utamu ambao kwa mbwa ni sumu ya ini.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu chakula, jambo ambalo wengi wetu hulipuuza. Ugali wa mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu huona yanamfaa mbwa tu, huleta sumukuvu inayoshambulia ini moja kwa moja.

Muulizaji
Asanteni. Jirani ameniambia nimwachishe nyama kabisa. Ni sahihi?

Jibu la 3 (daktari wa mifugo)
Hapana, usimwachishe. Protini hupunguzwa pale tu ini linaposhindwa kuondoa amonia, yaani taka yenye sumu itokanayo na protini, na mbwa akaanza kupepesuka, kuzubaa au kugandamiza kichwa ukutani. Asiye na dalili hizo atazidi kukonda bure. Na akionekana ana maumivu, usimpe panado ya nyumbani, mpigie daktari.