Gwaride la utambulisho Jumatatu, naombeni ushauri

Mtoto_wa_Ziwa: Wakuu habari za humu. Mwezi uliopita tukiwa kwenye dagaa, majambazi walituvamia ziwani wakabeba mashine. Mbalamwezi ilikuwa inawaka, mmoja nilimwona vizuri. Jumatatu naitwa kituoni kwenye gwaride, nimtambue kati ya watu waliopangwa mstari. Naogopa kukosea. Nifanyeje?

Chinga_Makoroboi: Nikadhani gwaride la Uhuru, nimeshapiga pasi shati.

MamaSato: Pole mwanangu. Mimi niliporwa mkoba pale Mwaloni Kirumba, mchana kweupe. Mpaka leo nakikumbuka kisu, mpini umefungwa mpira mwekundu wa baiskeli. Sura ya aliyekishika? Hata akija kununua sato kwangu simjui.

Wakili_Njaa: Mahakama ya Rufani ilishayasema 1980, kesi ya Waziri Amani: ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga upi, na ulimfahamu kabla? Halafu, picha yake umeonyeshwa?

Mtoto_wa_Ziwa: Dakika kama tano, hatua tatu hivi. Simfahamu.

Wakili_Njaa: Na picha?

Mtoto_wa_Ziwa: Tajiri alinirushia WhatsApp jamaa alipokamatwa. Lakini ndiye, wakuu! Nikifumba macho namwona. Na tajiri nimeshamwahidi.

Wakili_Njaa: Unamwona wa ziwani au wa kwenye simu? Marekani, Jennifer Thompson alibakwa, akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, akamchagua tena kwenye gwaride, mahakamani hana hata chembe ya shaka. Cotton alikaa jela zaidi ya miaka kumi, DNA ikamtoa 1995. Aliyembaka alikuwa mtu mwingine.

Mlokole_Igoma: Mkimtetea mwizi, kesho atakuja kwenu.

Mzee_wa_Ukara: Hii chai, tena ya rangi. Dagaa gani wanavuliwa mbalamwezi ikiwaka? Mwezi ukiwa mpevu sisi tuko nchi kavu, tunashona nyavu na kucheza bao. Mtoa mada hajawahi kulala mtumbwini.

Chinga_Makoroboi: Leteni vitumbua.

Mtoto_wa_Ziwa: Shikamoo mzee. Kweli, mwezi haukuwepo. Kulikuwa na taa zetu za sola zinazoelea, na jamaa alinimulika tochi usoni muda wote. Mbalamwezi aliitaja tajiri tulipokuwa tunaenda kituoni, nami nikaanza kuiona.

Mzee_wa_Ukara: Marahaba. Polisi uliwaambia habari ya tochi?

Mtoto_wa_Ziwa: Maelezo yangu yameandikwa mbalamwezi. Nimeshasaini.