Redio ya valvu ya betri: inavuma tu, haishiki stesheni

Mpwani_Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Nina redio ya marehemu babu, ya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista), ile ya betri kavu. Nembo imefutika, ila valvu zinasomeka: DK96, DF96, DAF96, DL96. Betri yake siipati madukani, kwa hiyo nimeunga betri kumi za volti 9 nipate 90, na betri moja nene ya tochi kwa ile 1.5. Spika inavuma, nikizungusha kitufe cha sauti inakwaruza, lakini sindano naipeleka mwisho hadi mwisho, stesheni hakuna. Fundi wa hapa kasema DK96 imekufa. Mnasemaje?

Dogo_Janja:
Mkuu, tia bluetooth humo ndani, maisha yaendelee.

Fundi_Mstaafu:
Asitie kitu. Ikivuma hivyo, upande wa sauti unafanya kazi. DK96 ina tabia yake: volti za uzi (ule waya mwembamba unaowaka ndani ya valvu) zikipungua kidogo, osileta (sehemu inayotengeneza mawimbi ya kunasia stesheni) inazimika, wenzake wanaendelea kama kawaida. Washa redio, upime miguu namba 1 na 7 ya hiyo valvu. Ukipima kwenye betri utadanganyika. Na usipime uzi wenyewe kwa mita ya mshale kwenye ohmu: unakula miliampia 25 tu, kuna mita zinasukuma zaidi ya hapo, utaukata.

Halafu chukua redio yoyote ya transista, iwe MW (masafa ya kati), kHz 1070, iweke ubavuni. Ya babu iweke karibu na 600, uzungushe taratibu. Osileta hukaa juu ya stesheni kwa kHz 470 hivi, kwa hiyo kama iko hai, ile ndogo itapiga mluzi au itanyamaza ghafla.

Mpwani_Pangani:
Shikamoo mzee. Betri 1.5, miguuni 1.08. Ile ndogo haijashtuka kabisa.

Fundi_Mstaafu:
Marahaba. Volti zinapotea njiani. Chomoa betri zote, fungulia swichi iliyo nyuma ya kitufe cha sauti uone vibati vya ndani.

Mpwani_Pangani:
Mzee! Vile vibati vya swichi vilikuwa vyeusi ti, nimevisugua kwa kipande cha boksi chenye spiriti. Sasa 1.43. Mluzi upo, na kwenye masafa mafupi, mita 25, kuna Mwarabu anasoma taarifa ya habari. Tatizo, zile 90 zinashuka upesi, na sauti inakoroma.

Dogo_Janja:
Haya, bluetooth nimeifuta.

Fundi_Mstaafu:
Hiyo ni kapasita ya karatasi (hupitisha sauti, huzuia volti) inayoingia mguu namba 6 wa DL96. Betri zikiwa zimechomolewa, ng'oa upande wake wa valvu, kisha rudisha betri, washa upime ule mguu wa kapasita unaoning'inia. Ukiona volti kadhaa zimeganda hapo, inavuja. Weka mpya ya mikrofaradi 0.01, volti 400. Usiiwashe muda mrefu kabla ya hapo, DL96 itachoka bure. Na ukirudisha betri, angalia waya mara mbili: 90 ikiingia njia ya 1.5, valvu zote nne zinakwenda kwa mpigo.