Kipimo cha jeni za saratani ya matiti: aanze binti au mama mdogo wake?

Nyuki_wa_Ahero
Hamjambo wanajamvi. Naulizia familia moja ninayoitembelea kama mhamasishaji wa afya ya jamii. Kuna binti wa miaka 27, mzima kabisa. Mamake alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 44. Mdogo wa mamake ana miaka 39, anatibiwa Kisumu, na ripoti ya bayopsi inasema uvimbe hauna vipokezi vya homoni wala HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti). Mjomba wa binti ana saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Binti ameona mtandaoni kile kichupa cha kutemea mate kinachotumwa Marekani na anataka kuagiza. Aagize, au ni kutupa pesa?

Kichupa_Zambarau
Aweke pesa kwanza. Wa kupimwa mwanzo ni mama mdogo.

Sababu ni hii. Binti akipimwa peke yake na majibu yakatoka safi, hakuna atakayejua kama amekwepa jeni mbovu ya mamake, au kama hitilafu ya familia hiyo iko mahali ambapo kipimo hakikuangalia. Mgonjwa ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na hicho kinachotafutwa. Kikipatikana kwake, wengine wote wanapimwa sehemu ile moja tu ya jeni, na gharama inashuka sana. Hapo ndipo jibu la "huna" linakuwa na maana kamili. Kwa hesabu tupu mtoto wa dada ana nafasi ya robo, lakini kwa kuwa mama mzazi naye aliugua akiwa kijana, hesabu ya huyu binti iko karibu na nusu.

Tena mama mdogo mwenyewe anafaidika: akikutwa na hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, jeni mbili ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, daktari wake anaweza kufikiria dawa kama olaparib.

Vile vichupa vya kuagiza, vingi huangalia hitilafu chache zilizozoeleka kwa jamii nyingine, hasa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki. BRCA1 na BRCA2 zina maelfu ya hitilafu zinazojulikana. Mtu wa Ahero akiambiwa hana hizo chache, hajaambiwa kitu.

Nyuki_wa_Ahero
Nimeelewa. Sasa mama mdogo yuko kwenye kemo. Inaharibu kipimo?

Kichupa_Zambarau
Kemo haibadilishi jeni alizozaliwa nazo. Inachofanya ni kushusha seli nyeupe, na DNA tunaitoa humo, kwa hiyo sampuli inaweza kuwa hafifu. Damu itolewe kabla tu ya dozi inayofuata, wakati seli zimepanda tena. Kama ameongezewa damu karibuni aseme, maana maabara inaweza kumtaka asubiri. Aliyewahi kupandikizwa uboho wa mtu mwingine asitoe damu kabisa, kwa sababu itasomwa DNA ya aliyemchangia. Huyo huchukuliwa kipande cha ngozi.

Damu ni mililita 4 au 5 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Msitikise, na msiiweke kwenye friza. Kwa mate, asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chingamu kwa nusu saa. Ajaze hadi mstari bila kuhesabu povu. Povu linaweza kufanya sampuli irudishwe, na vilevile jina la kwenye chupa lisilofanana na la kwenye fomu.

Mkunga_Kondele
Naongezea mambo ya fomu. Muulize daktari wa saratani, awe wa pale Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu) au wa Eldoret, kama maabara anayoitumia inasoma jeni za BRCA1, BRCA2, PALB2 na TP53 nzima, na kama inatafuta pia vipande vikubwa vilivyokatika au kujirudia. Kipimo kisichoona hivyo kinaweza kupitwa na hitilafu halisi. Hakikisheni pia si kipimo cha uvimbe. Hicho husoma mabadiliko ya saratani yenyewe, na mengi hayarithiwi.

Mti wa ukoo uchorwe vizuri. Huku kwetu "ndugu yangu" anaweza kuwa mtoto wa mke mwenza, na "mama" akawa mama yeyote wa boma. Kwa kila mtu uliza: mama mmoja? baba mmoja? aliugua nini, akiwa na umri gani? Mjomba huyo msimwache nje. Tezi dume iliyosambaa ni dalili ya kutosha kumpima hata yeye, kwa kuwa BRCA2 hupita kwa wanaume pia.

Mlima_Bomet
Sisi huku wanaougua saratani ya umio (njia ya chakula) ni wengi ndani ya nyumba moja. Kipimo hicho kitatufaa?

Mkunga_Kondele
Kwa umio, hapana. Nyumba moja hushiriki pia chai, pombe, tumbaku na moshi wa jikoni. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Acheni chai ipoe. Anayekwamwa na chakula akipelekwa mapema kwa endoskopi, yaani kamera ya kuangalia ndani ya umio, atafaidika kuliko kupimwa jeni.

Kichupa_Zambarau
Kabla hamjaondoka: majibu huja ya aina tatu: hitilafu ipo, haipo, na ya tatu ni badiliko ambalo maana yake haijajulikana, na Waafrika hulipata zaidi kwa kuwa hifadhi za jeni za kulinganishia zimejaa Wazungu. Hilo lisimpeleke mtu kukatwa titi wala ovari, na ndugu wasipimwe kwa ajili yake. Aulize maabara kila baada ya mwaka au miwili kama maana yake sasa imejulikana.

Binti akikutwa na hitilafu ya BRCA1, hatari ya saratani ya titi maishani hupita 60 kati ya 100, na ya ovari huwa 39 hadi 58. Miongozo inasema MRI (picha ya sumaku) ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, mamogramu (eksirei ya matiti) iongezwe akifika 30, ovari na mirija vitolewe kati ya 35 na 40 akishamaliza kuzaa. Altrasaundi peke yake haichukui nafasi ya MRI, hata ukiambiwa ni nafuu. Watoto wa chini ya miaka 18 msiwapime BRCA.

Nyuki_wa_Ahero
Asanteni. Jumatatu naenda na mama mdogo kuchukua nakala ya histolojia, ile ripoti ya bayopsi. Mjomba nitamwomba ya kwake pia.

Kichupa_Zambarau
Na ya marehemu, kama hospitali bado ina faili. Kipande cha uvimbe wake kilichohifadhiwa kwenye nta msihangaike nacho kwanza, fomalini huikatakata DNA. Karatasi inatosha.