Picha ina watamaki, naruhusiwa kuitumia kwenye tangazo langu?

mtembeza_wageni
Assalaam alaykum ndugu zangu, nna suala na nataka jawabu la kweli si la kunifurahisha. Mie natembeza wageni, mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na siku nyengine Nungwi, sasa nimepata kijana ananitengenezea ukurasa wa biashara na bango moja. Kaniletea picha ya ngalawa Nungwi jua linazama, maji yamekuwa kama shaba, nzuri mpaka nikanyamaza. Lakini katikati imepita chapa ya mwenyewe, ile watamaki, herufi nyeupe kutoka kwenye tanga mpaka kwenye mchanga. Kijana anasema ana programu kwenye simu inaifuta mara moja tu. Mwenzangu akasema usiifute, iache vile vile, jina la mwenyewe si linaonekana, keshapata sifa yake, hapo hakuna kosa. Nani msema kweli? Ngalawa zetu, bahari yetu, mpigaji naona ni mzungu, sasa nashindwa kuelewa nimuombe ruhusa ya nini, lakini moyo unasita ndo mana nauliza.

picha_za_shangani
Waalaykum salaam kaka. Moyo wako umesita pa kusita. Mie napiga picha hapa Mji Mkongwe mwaka wa tisa huu. Mwaka juzi nilikaa Forodhani siku 4 nasubiri picha moja ya vijana wa makachu, wale wanaoruka baharini, nataka anaeruka awe kichwa chini miguu juu na nyuma yake lipite dau. Siku 3 likipita dau vijana wamekaa wanapumzika, wakiruka dau halipo. Siku ya 4 Mungu kanijaalia. Nikaiweka mtandaoni na jina langu dogo pembeni kulia. Miezi mitatu baadae napita na vespa naiona kwenye bango la biashara ya watu, jina halipo, wamekata upande wa kulia wote mpaka mkono wa yule kijana umeishia kwenye kiwiko. Nikazima vespa nikasimama pale sijui nicheke nilie, bukta yake ya njano na kiraka cha nyuma naijua kama naivaa mie. Kwenda kuuliza nnaambiwa "tumeikuta Google". Google imekuonesha tu ilipo, picha si yake hata ikupe.

Dau la mtu lina jina ubavuni. Ukilikuta pwani ukapaka rangi juu ya jina halijawa lako, na ukiliacha na jina lake ukaenda kuvulia bila ya kumuuliza mwenyewe pia hujaazimwa. Bas na picha ni hivo hivo, kufuta na kuacha yote sawa kama hujaomba. Bahari ni yetu kweli, lakini ile picha ni ya aliepiga.

mwanafunzi_wa_sheria
Naongezea. Hakimiliki si jambo la Muungano, Bara wana sheria yao namba 7 ya 1999 na ofisi yao ya hakimiliki, COSOTA, sisi Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi yetu, COSOZA, na picha ni katika kazi zinazolindwa. Watu wengi wanadhani watamaki ndo inaleta haki, kwa hivyo picha isio na chapa wanaona ni ya bure. Siyo. Haki inaanza pale pale picha inapopigwa, iwe na jina isiwe na jina, chapa ni tangazo tu kwamba mwenyewe yupo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi nyingi kulindiana kazi za watu wao, tangu 1994, maana yake mzungu wako analindwa hapa kwetu na huyu ndugu wa Shangani analindwa kwao huyo mzungu, bila ya kuandikisha popote.

Sasa wale wanaosema iache chapa jina lionekane. Picha za maduka makubwa kama Getty Images au Shutterstock zinawekwa na chapa kwa sababu ile ni sampuli ya kuangalia, ukilipa ndo unapewa safi. Kuitumia na chapa yake unamwambia kila mtu kwamba ulijua ina mwenyewe na hujamlipa. Na kuifuta ni kosa jengine juu ya lile la mwanzo, Marekani kwa sheria yao ya 1998 ukiondoa kwa makusudi alama ya mwenye kazi ili kuficha matumizi yasio halali, mahakama inaweza kukutoza dola 2,500 mpaka 25,000 kwa kila kosa. Na hizi programu za AI za kutengeneza picha zisikudanganye, Getty Images walipoishtaki Stability AI, kampuni yenye programu kama hiyo, mwaka 2023 walionesha picha zilizotolewa na mashine zikiwa na chapa yao imepindapinda ndani yake.

fundi_mabango
Mie nna mashine ya kuchapa, wateja wananiletea flashi na picha zina chapa za watu, mengine nimechapa na chapa zake hivo hivo kwa sababu mteja anataka leo leo. Na mie nimo?

mwanafunzi_wa_sheria
Umo, alietoa nakala ni wewe. Muulize mteja ruhusa iko wapi, na akuoneshe maandishi.

binti_jambiani
Nyote mmesema ya mpiga picha, mie nasema ya mwenye sura. Mamangu mkubwa analima mwani, asubuhi moja maji yametoka yuko kwenye kamba zake, kanga kaifunga kiunoni, kapigwa picha na mgeni akajua ni ya ukumbusho tu. Siku moja binamu yetu kaja na boksi la sabuni kalinunua dukani, juu yake mama mkubwa, kichwa wazi kwa sababu mtandio ulikuwa umeteleza. Alilishika lile boksi akaligeuza chini juu, akaenda kuliweka chini ya kitanda. Mpaka leo akiona mtu ana kamera anawapa mgongo. Kwa hiyo hata ukilipia picha yenye mtu uso wake unaonekana, uliza kama mwenyewe alikubali itumike kuuzia kitu. Tafadhali sana.

picha_za_shangani
Wallahi dada umesema kubwa. Mie siku hizi naandika kwenye karatasi ndogo, jina, nini tumekubaliana, anatia saini au dole gumba.

Kaka mtembeza wageni fanya hivi, itie ile picha kwenye Google Lens au TinEye, zinatafuta picha ilipo mtandaoni, huenda ukampata mwenyewe, muandikie barua pepe fupi, mwambie wapi utaiweka, kwa muda gani, na kama utaichapa. Kama huna pesa zipo picha za bure kwenye tovuti za Wikimedia Commons na Unsplash, lakini za Commons soma leseni iliopo chini ya kila picha, nyingi zinataka umtaje mpigaji.

mtembeza_wageni
Nimerudi baada ya wiki. Nilimpata, nikamuandikia kwa Kiingereza changu hichi hichi, siku mbili kimya, ya tatu kajibu. Dola 30 kwa ukurasa mwaka mmoja, kuchapa bango bei mbali, na kanipa picha safi haina chapa. Akaniambia yule nahodha kwenye ngalawa alimuomba ruhusa na jina lake analo, nikamuuliza, kumbe namjua, mtu wa Nungwi. Nimeilipia ya ukurasa. Ya bango pesa sina, basi kesho alfajiri nakwenda shamba na kijana na simu yake tukapige karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na mwenye shamba nshamuomba.