Dada yuko Dallas, nyumba iko Kasarani: ushuru wa kodi ni 7.5 ama 30?

kijana_wa_githurai
Wadau habarini, naomba msaada kabla mwezi uishe. Dada yangu anaishi Dallas, alichukua uraia wa Marekani 2016, kazi na watoto wako huko, hapa huja Disemba tu wiki tatu hivi. Ana nyumba Kasarani, mama ndiye alikuwa anaishi humo lakini amerudi ocha, kwa hivyo tumepata mpangaji wa 65,000 anaingia tarehe moja na mimi ndiye nitapokea kodi. Sasa ajenti ananiambia nikate asilimia 30 nipeleke KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), na mimi nilikuwa najua ni 7.5. Hapo ni 4,875 ama 19,500 kila mwezi na dada bado ana mkopo wa hiyo nyumba. Nani yuko sawa? Na Marekani nao watamdai tena?

landilodi_roysa
7.5 buda. Ni ushuru wa nyumba za kuishi kodi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ilikuwa 10 ikashushwa Januari 2024. Mimi hulipa kabla ya tarehe 20 na sijawahi kusumbuliwa.

hesabu_ngara
@landilodi_roysa wewe unaishi Kenya ndio maana. Hiyo 7.5 ni ya mkaazi peke yake. Asiye mkaazi anakatwa 30 ya kodi yote, hupunguzi kwanza riba ya mkopo, hutoi fundi wa mabomba, hutoi chochote, na anayemlipa ndiye anakata na kupeleka kwa iTax, mtandao wa KRA, ndani ya siku tano za kazi. Inauma sana, najua, lakini ajenti amekwambia ukweli.

Na isikuchanganye pasipoti. Wanaangalia siku: 183 kwa mwaka, ama wastani wa zaidi ya 122 ukijumlisha na miaka miwili iliyotangulia. Kuna pia kipengele cha mtu mwenye makao ya kudumu hapa, huyo hata akikanyaga Kenya siku chache anahesabiwa mkaazi, lakini nyumba umempangisha mtu mwingine utasemaje ni makao yako? Usijaribu hiyo bila mshauri.

Uraia una maana kwa ardhi. Raia wa kigeni hapa hapati zaidi ya lisi (kukodi ardhi) ya miaka 99, ila dada yako kama ni Mkenya wa kuzaliwa na aliapa 2016, baada ya katiba ya 2010, hajapoteza uraia wake, kwa hivyo hati yake ya nyumba haina shida.

mama_wa_minnesota
Upande wa huku: ndiyo, lazima atangaze. Marekani inatoza raia wake popote pesa ilipotoka, na hakuna mkataba wa ushuru kati yake na Kenya. Atajaza Schedule E, fomu ya mapato ya kupangisha, na huko sasa anaruhusiwa kutoa riba, ukarabati na uchakavu wa jengo kwa miaka 30. Halafu alicholipa KRA anakidai kwa fomu 1116, ya kupunguziwa ushuru aliolipa nje. Shida iko hapa, akishatoa hizo gharama zote faida inabaki kidogo na ushuru wa Marekani juu yake ni mdogo, kwa hivyo ile 30 haitarudi yote mwaka huo, inayobaki inarudishwa mwaka mmoja nyuma ama kusongezwa mbele hadi miaka 10. Mwambie aweke stakabadhi za KRA zote. Na akaunti zake za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 hata siku moja, kuna FBAR, ripoti ya akaunti za nje.

landilodi_roysa
Asante @hesabu_ngara, hiyo ya wasio wakaazi sikuijua. @kijana angalia pia ada za ardhi za kaunti, mwisho ni 31 Machi, ukichelewa wanaongeza riba kila mwezi na deni linafuata nyumba, haijalishi mwenyewe yuko Texas.

kijana_wa_githurai
Nimeshukuru sana nyote. Namtumia dada hii yote leo usiku akitoka kazini, na mpangaji nitamuandikia mkataba kwa jina la dada, si langu. @hesabu_ngara nikikata hiyo 30 natumia pini (namba ya KRA) yangu ama yake?

hesabu_ngara
Unaingia kwa pini yako kama anayekata, yake unaiweka kama anayelipwa. Cheti kitakuja kwa jina lake, hicho ndicho atapeleka kwa mhasibu wake huko.