Kazi ya kiangazi kwenye kampuni kubwa za mawakili Marekani: mnachaguaje za kuomba?

MwanaMtwara:

Wakuu, habari za wakati huu. Nipo mwaka wa kwanza wa JD (shahada ya sheria ya kule), pwani ya mashariki ya Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka: GPA (wastani wa alama) 3.4, kwa chuo chetu ni katikati ya darasa. Kiangazi cha mwaka wa pili nataka kampuni kubwa, ikiwezekana kwenye miradi ya nishati na mikopo yake, kwa sababu ya gesi ya kule kwetu kusini.

Ofisi ya ajira imetupa orodha ya waajiri zaidi ya mia watakaokuja kwenye OCI, yaani usaili unaoandaliwa na chuo, na kila mwanafunzi anaruhusiwa kupanga 40 tu kwa vipaumbele. Wenzangu wanachukua orodha ya Vault, ile inayopanga kampuni kwa sifa, na kushuka nayo kuanzia namba moja. Mimi naona si sawa, lakini sina njia nyingine. Naomba kujua: nachaguaje, niende New York, Washington au Houston, na viza inaingiaje kwenye hesabu hii? Natanguliza shukrani.

Wakili_Harlem:

Karibu ndugu. Umeona vizuri. Vault inapima sifa ya kampuni machoni pa mawakili wengine. Haikwambii ofisi fulani inachukua wanafunzi wangapi, na hilo ndilo la kujua kwanza. Usiombe kampuni, omba ofisi. Kampuni ileile inaweza kuchukua wanafunzi 80 New York na watano Washington. Hiyo ni milango miwili tofauti, hata kama jina la juu ni moja.

Fungua orodha ya waajiri ya NALP, chama cha ofisi za ajira za vyuo vya sheria na waajiri wa mawakili. Ipo mtandaoni bila malipo. Tafuta kila ofisi peke yake, uone ilichukua wanafunzi wangapi wa kiangazi, wangapi walipewa ofa ya kudumu, na mawakili wake wamegawanyika vipi kwa fani. Yaingize kwenye Excel. Kisha nenda ofisi ya ajira ya chuo uombe takwimu za miaka miwili au mitatu iliyopita: kila mwajiri aliwaita wangapi wa chuo chenu kwenye usaili wa pili, na GPA ya katikati ya walioitwa ilikuwa ngapi. Vyuo vingi vinazo, ila mara nyingi hazitolewi mpaka uziombe.

Hapo ndipo uchague. Kwa 3.4, kama nusu ya orodha yako iwe ofisi ambazo GPA ya katikati ya walioitwa inakaribia yako. Robo iwe zilizo juu yako kidogo, 3.5 hivi. Robo nyingine zilizo chini yako, na hizi watu huzidharau mpaka Agosti iwakute hawana kitu. Ofisi ambayo kwa miaka mitatu haijamwita mtu wa chini ya 3.7, weka moja au mbili tu. Na katika kila kundi, yenye viti 60 vya kiangazi itangulie yenye viti 6. Ofisi ya viti sita inayohudhuria vyuo kumi huenda isimchukue hata mmoja kutoka kwenu, hata kama wote mmefanya usaili vizuri.

Sasa mpangilio, ambako ndiko watu wengi huharibu. Uliza kwanza: chuo chenu kinatumia bahati nasibu, au waajiri wanachagua wenyewe wa kumwona? Kama waajiri wanachagua, namba uliyoipa kampuni haina uzito mkubwa. Wanasoma CV na alama zako, basi. Kama ni bahati nasibu, namba ndiyo kila kitu, kwa sababu mtambo wa kompyuta hugawa nafasi za usaili kwa kufuata vipaumbele vya wanafunzi.

Kwenye bahati nasibu kila mwajiri ana mstari wake. Tuseme mwaka jana waliomweka mpaka namba 11 walipata usaili, na waliomweka 12 walikosa. Mwaka huu mweke 8 au 9, uache nafasi mbili tatu kwa sababu mahitaji hupanda na kushuka. Ukimweka 1 umepoteza, ungempata kwa 9 na ile namba moja ungempa mwajiri ambaye mstari wake ni 2. Ukimweka 13 umempoteza yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukimaliza kuchagua ofisi zako 40, zipange kwa mstari wa mwaka jana, ule mgumu juu na ule mlegevu chini, wala si kwa mapenzi yako. Ofisi unayoipenda kuliko zote inaweza kukaa namba 22 na ukaipata bila shida.

BintiLamu:

Hesabu za Wakili_Harlem ni sahihi, ila atakayesubiri OCI peke yake atakuta viti vingi vimeshakaliwa. Zamani NALP ilikuwa na miongozo ya tarehe za kuajiri. Mwishoni mwa 2018 iliiondoa, na tangu hapo kampuni kubwa zimekuwa zikiwahisha mambo zaidi kila mwaka. Nyingi hufungua maombi ya moja kwa moja kwenye tovuti zao wakati nyinyi bado mko muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, na kutoa ofa kabla chuo hakijapanga hata vyumba vya usaili.

Kwa hiyo orodha yako ya Excel iongezee safu ya tarehe ya kufunguliwa kwa maombi. Andaa sasa hivi CV ya ukurasa mmoja, nakala ya matokeo, na barua ya aya tatu, kisha tuma ndani ya siku chache za mwanzo, maana maombi husomwa kadiri yanavyoingia. Kwenye barua, aya ya pili ndiyo inayobadilika kwa kila ofisi. Hapo taja kundi la mawakili unalolitaka na kwa nini katika mji ule. Kabla ya kutuma, soma jina la kampuni kila mahali lilipotajwa. Barua yenye jina la mshindani hutupwa siku hiyohiyo.

Kuna mtego mmoja. Ukikataliwa kwa njia ya moja kwa moja, mara nyingi kampuni hiyo haitakusikiliza tena kwenye OCI. Wengine hushauri usubiri alama za muhula wa pili ili GPA ipande. Mimi nasema hivi: ofisi zinazolingana na 3.4 yako, tuma mapema bila kusita. Zile za juu yako, subiri tu kama una sababu ya kweli ya kuamini alama zitapanda, na ujue kwamba viti vinapungua huku ukisubiri. Ukishafanya usaili moja kwa moja na kampuni fulani, itoe kwenye orodha ya OCI ili namba hiyo ipate kazi nyingine.

Msomi_wa_Vipengele:

Nijibu la viza, maana hapa ndipo mwanafunzi wa kutoka nyumbani anapotofautiana kabisa na wenzake darasani.

Kiangazi chenyewe si tatizo. Kwa F-1 utatumia CPT, ruhusa ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo, baada ya kumaliza mwaka mmoja kamili wa masomo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni itahitaji barua ya ofa yenye tarehe, anwani ya ofisi na saa za kazi, kisha watakupa I-20 mpya (hati ya chuo ya mwanafunzi wa F-1) yenye idhini. Usianze kazi hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa humo. Kiangazi cha wiki 10 hakigusi OPT yako, yaani ile ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako, ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu. CPT ya muda wote hufuta OPT pale inapofika miezi 12. Ila chunguza kama kitivo chenu kinatoa CPT. Visivyotoa hukulazimu kutumia OPT kabla ya kuhitimu, na wiki hizo hukatwa kwenye miezi yako 12.

Ugumu uko baada ya kuhitimu. JD si shahada ya sayansi, kwa hiyo hakuna ile nyongeza ya miezi 24. Una miezi 12 tu. Ndani yake hupaswi kuzidi siku 90 bila kazi, na kampuni nyingi huanzisha wapya Septemba au Oktoba kwa sababu mtihani wa uwakili huwa mwishoni mwa Julai. Ndiyo maana OPT huombwa ianze karibu na mwisho wa siku 60 za baada ya masomo ambazo ndani yake lazima ianze, yaani katikati ya Julai hivi. Ukiiacha ianze Mei, siku 90 zitakuishia kabla hujaripoti kazini.

Kisha inakuja bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi, usajili wake huwa Machi. Kuna nafasi 65,000 za jumla na 20,000 za wenye shahada za juu za Marekani, na JD huingia huko. Ukipiga hesabu ya tarehe utaona mtu wa JD hupata Machi moja tu akiwa na shahada mkononi na OPT hai. Kwa hiyo swali la kuuliza kila kampuni ni hili: mtu akikosa H-1B, mnamweka wapi? Kampuni yenye ofisi ya kweli London, yenye mawakili wanaofanya miamala kwa sheria ya New York, huweza kumpeleka huko, na baada ya mwaka mmoja kamili wengine hurudi kwa L-1, viza ya mfanyakazi anayehamishwa ndani ya kampuni. Kampuni isiyo na ofisi nje ya Marekani haina pa kukuweka. Kwa mwanafunzi wa F-1, safu hiyo kwenye Excel ina uzito sawa na idadi ya viti.

Pia fomu za maombi huuliza kama utahitaji udhamini wa viza sasa au baadaye. Wengi hujibu hapana kwa sababu ya OPT. Neno "baadaye" linakuhusu. Jibu ndiyo.

MwanaMtwara:

Nashukuru sana, hili la London sikuwa nalifikiria kabisa. Kuhusu miji: naambiwa Houston wanataka mtu mwenye mizizi kule. Mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi si sababu ya kutosha?

Wakili_Harlem:

Ni sababu nzuri kuliko za wengi, lakini ijenge. Houston wakiuliza kwa nini Texas, wanachotaka kujua ni kama utabaki baada ya miaka miwili. Waambie mambo yenye uzito: Equinor na Shell ndio waendeshaji wa vitalu vya gesi vinavyokusudiwa kulisha mtambo wa Lindi, ExxonMobil ni mshirika katika kimojawapo na makao yake makuu yako kaskazini mwa Houston, na kazi ya mikataba ya LNG imejaa katika mji ule. Mtu anayeeleza hivyo haulizwi sana habari za shangazi aishiye Dallas. Ila jaribu kuwa na kitu cha kuonyesha kwenye CV, kama somo la mafuta na gesi au kiangazi hiki cha kwanza kwenye taasisi iliyoko Texas.

New York ndiyo iwe shina la orodha, tuseme 28 kati ya 40. Viti ni vingi, hakuna anayekuuliza kwa nini mji huu, na mikopo mingi ya miradi huandikwa kwa sheria ya New York. Houston weka 8. Washington ina kazi unayoipenda, kwa kuwa EXIM (benki ya serikali ya Marekani ya kudhamini mauzo ya nje) na IFC (tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi) ziko pale, na mkopo wa EXIM kwa LNG ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma ni mfano ulio karibu nawe. Lakini ofisi za pale huchukua wachache na hubana sana alama. Nne zinatosha.

Usiombe ofisi tatu za kampuni moja. Mtambo unazihesabu kama tatu, na waajiri wakikuona kote huamini huna uamuzi. Mbili mwisho, tena baada ya kuuliza idara yao ya ajira kama inaruhusiwa.

Kuhusu fani, kuwa makini na maneno ya tovuti. Kila kampuni ina ukurasa wa Afrika. Fungua Chambers, mwongozo unaopanga kampuni za mawakili kwa madaraja, utazame imewekwa daraja gani kwenye miradi na nishati, halafu hesabu mawakili wa kundi hilo waliopo katika ofisi unayoomba. Mbia mmoja Paris na ukurasa mzuri si kundi.

BintiLamu:

Naongeza la afya ya kampuni, kwa sababu utaingia miaka miwili baada ya usaili. Dewey & LeBoeuf ilifilisika 2012, Stroock ilifungwa 2023, na kote dalili ilikuwa moja: wabia kuondoka kwa makundi. Tafuta jina la kila ofisi pamoja na habari za wabia waliohama katika miezi 12 iliyopita. Mmoja mmoja ni kawaida. Kundi zima la fani yako likihama, futa ofisi hiyo hata kama kampuni ni tajiri.

Mshahara usikusumbue katika kuchagua. Kampuni kubwa nyingi za miji hiyo hulipa kiwango kimoja, dola 225,000 kwa mwaka wa kwanza tangu mwishoni mwa 2023, na kiangazi hulipwa kwa uwiano huo, kama dola 4,300 kwa wiki. Tazama badala yake zile namba mbili za NALP: walioingia kiangazi na waliopewa ofa. Kawaida karibu wote hupewa. Ofisi iliyochukua 30 ikawapa ofa 22, waulize waliokuwepo kilitokea nini kabla hujaiwekea namba.

Msomi_wa_Vipengele:

Na namba 36 hadi 40 usiziache wazi. Hata mstari ukiwa mlegevu, ni usaili wa dakika 20 usiokugharimu kitu. Ila nyumbua ratiba: ukipangiwa usaili sita kwa siku moja, omba kuhamishia siku nyingine zile za ofisi unazozihitaji zaidi. Ofisi ya ajira huweza kubadilisha kama ukiomba mapema baada ya ratiba kutoka.