Inveta ya kubeba: ninunue ya 400 au ya 200? Nipo Uyole

Kijana wa Uyole

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nina banda dogo la kuchomelea hapa Uyole, Mbeya, mageti na madirisha. Natumia ile mashine ya kusuka ya waya wa kopa. Inachoma vizuri sana ila haibebeki, hata mkiwa wawili mnapumzika njiani. Wateja wangu wengi siku hizi ni wenye pawa tila na matela wanaoteremka Usangu kwenye mpunga: Igurusi, Chimala, mpaka Ubaruku. Kitu kikivunjika shambani wanakifungua, wanakipakia kwenye gari, wanakileta huku, siku nzima imeisha. Nataka niwafuate mimi.

Nimeona inveta mbili za kuchomelea dukani. Moja imeandikwa 400 ubavuni, nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, na bei yake ni nafuu. Nyingine imeandikwa 200, nzito kidogo, na bei inaizidi ile karibu mara mbili. Muuzaji anasema 400 ni kubwa kuliko 200, hakuna cha kujadili. Nina jenereta ya petroli ya kVA 3, ya nyumbani. Nachomea vijiti vya geji 12 na geji 10. Nichukue ipi, na jenereta hii itatosha?

Fundi wa Mbalizi

Marahaba mdogo wangu. Wazo lako ni zuri, wakulima wa Usangu wanahitaji sana fundi wa kuwafuata. Ila hela usiitoe kwanza.

Kabla ya kusoma namba ya ubavuni, tazama plagi. Mashine ikitoa kweli ampea 400, volti pale kwenye kijiti zinakuwa kama 36. Zidisha, unapata wati 14,400. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni ampea zaidi ya 62 zinazoingia kwenye mashine, na hapo sijahesabu zinazopotea kwa joto. Sasa kama hiyo mashine inakuja na plagi ya kawaida ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13, hizo 400 zitapitia wapi? Namba kubwa ya ubavuni ni jina la bidhaa. Ukweli upo kwenye kibati cha maandishi madogo, nyuma au chini. Tafuta herufi X yenye asilimia, na chini yake ampea. Ikisema asilimia 60 kwa ampea 160, maana yake katika kila dakika 10 unachoma 6 na kuipumzisha 4 ukiwa kwenye ampea hizo. Mashine isiyo na kibati hicho mimi siinunui hata ikiwa nusu bei.

Kwa kazi zako ampea 160 za kweli zinakutosha kabisa. Geji 12, yaani milimita 2.5, inataka ampea 60 hadi 90. Geji 10, milimita 3.2, inataka 90 hadi 130. Kwa hiyo chukua ya 200, kama kibati chake kinaikubali.

Lakini swali lako kubwa ni la jenereta, na hapo ndipo nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu vijana wengi wananunua mashine nzuri halafu wanailaumu bure. Inveta ni mashine ya kubadilisha umeme. Inaupokea, inaukatakata mara maelfu kwa sekunde, ndiyo maana transfoma yake ya ndani ni ndogo na wewe unaweza kuibeba. Haitengenezi umeme. Ukiipa umeme dhaifu itakupa moto dhaifu, kijiti kinanata, unaongeza ampea, jenereta inazidi kulemewa, volti zinazidi kushuka. Hapo ndipo bodi ya umeme ya ndani ya inveta inapoungua.

Hesabu yake ni hii. Geji 10 kwa ampea 115 inataka karibu kilowati 2.8 kwenye kijiti. Ongeza upotevu wa mashine, na namna inveta za bei zetu zinavyovuta umeme kwa mishtuko, unahitaji jenereta ya kVA 5 hivi. Hiyo ni kwa mtu aliye Dar es Salaam, karibu na bahari. Sisi tupo milimani. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Uyole mmepanda kidogo zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga mwenyewe: karibu moja ya tano ya nguvu imebaki pwani. Jenereta yako ya kVA 3, ikiwa Uyole, ni kama 2.4. Itakuwashia taa na friji. Geji 12 kwa ampea za chini itajikongoja, geji 10 sahau. Ukitazama plagi ya injini utaikuta nyeusi, kwa sababu kabureta inaendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya mlimani. Kwa hiyo na mafuta unakula zaidi. Usangu kwenyewe ni chini, mita 1,000 na kidogo, huko utaona nafuu, lakini nunua kwa ajili ya sehemu ngumu. Tafuta kVA 6.5, yenye kifaa cha kusawazisha volti.

Ushauri wangu: bajeti yako ianze na jenereta, kisha waya, mashine iwe ya mwisho. Waya wa kuvutia umeme uwe wa milimita 2.5 za kopa. Ukitumia wa 1.5 kwa mita 50, mashine ikivuta ampea 20, unapoteza volti kama 24 njiani. Na usiuache umeviringishwa kwenye roli wakati unachoma, unapata joto mpaka ganda linayeyuka.

Mwenye mashine ya mbao, Mafinga

Kamwene. Mimi si fundi, nina mashine ya kuchania mbao huku Mufindi, ila naomba niongee kama mteja.

Dingdong, ndiyo hiyo mashine yetu ya kuchania mbao, ikipasuka fremu porini, kuifungua na kuipeleka mjini ni kazi ya siku mbili na vibarua wanakaa bure. Fundi mwenye mashine ya kubeba akifika, mchana tunaendelea kuchana. Huwa nampa hela nzuri na wala sibishani. Ninachomdai ni kimoja, moto. Sisi tumezungukwa na maranda na unga wa mbao. Cheche ikiingia chini ya unga haiwaki hapo hapo, inafukuta taratibu, mnakuja kuona moshi watu wameshaondoka. Kwa hiyo hakuna kuwasha mashine mpaka tumefagia, tumemwaga maji, na ndoo zimejaa pembeni. Na akimaliza hatumwachi aondoke, anakaa nasi nusu saa nzima tunapekua. Fundi anayegoma masharti hayo simwiti tena. Mdogo wangu wa Uyole, huko Usangu una mabua makavu ya mpunga baada ya mavuno. Usione ni shamba la maji ukadhani haliungui.

Mchomeleaji wa Tukuyu

Ndaga kwa somo la jenereta, fundi. Naongeza la vijiti, maana huku Rungwe mvua ni rafiki yetu wa kila siku.

E6013 ndiyo ya kila mahali, inasamehe. E7018 weldi yake ni imara zaidi na ni nzuri kwa vitu vinavyobeba mzigo, tela na ndoano, ila haipendi unyevu hata kidogo. Ikinyonya maji, haidrojeni inaingia kwenye weldi na unapata nyufa ambazo huzioni siku hiyo. Tela linaondoka zima, linakatikia barabarani. Pakiti ikishafunguliwa mimi naweka vijiti kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye kofia mbili, napaka grisi kwenye nyuzi za kofia. Vilivyokwisha lowa siwapi wateja, nachomea vitu vya banda langu. Na inveta inakupa umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo kwenye E7018 kijiti kiweke chanya, ethi (ule waya unaobana kwenye chuma unachochomea) hasi.

Kijana wa Uyole

Nashukuru sana wote, dada wa Mafinga nimekusikia. Fundi, nikitoka na jenereta kubwa, kazi nitakayoikuta zaidi ni yale magurudumu ya chuma ya pawa tila ya kuingilia kwenye maji. Yanapasuka pale pau zinapoungana na duara. Nikichomea juu yanapasuka tena pale pale. Na wenye malori wa barabara kuu wakiniona na mashine lazima watanisimamisha.

Fundi wa Mbalizi

Yanarudi kwa sababu unachomea juu ya ufa, ufa wenyewe bado upo chini. Osha tope lote, kausha, halafu piga grainda mpaka uone chuma kinang'aa, si kutu ya kahawia. Ufuatilie ufa mpaka mwisho wake, mara nyingi unaenda mbele kuliko unavyoonekana. Pale unapokoma toboa tundu dogo kwa dirili, la milimita 3 au 4, hilo linauzuia usitembee. Kisha chimba mfereji wa umbo la V kwenye ufa wote, shika kwa vidoti, na usimalize upande mmoja. Choma kipande hapa, hamia upande wa pili wa duara, rudi. Ukimaliza upande mmoja gurudumu linavuta, linakuwa yai, na pawa tila itamtikisa mkulima mpaka mabega. Gonga magamba kila tabaka, piga brashi ya waya. Na usimwagie maji lipoe haraka, hata mkulima akikuhimiza.

Malori: toa terminali ya hasi ya betri kabla hujagusa chochote, na ethi ibane karibu kabisa na unapochomea. Ukiibana mbali umeme utatafuta njia kupitia beringi au kontroo boksi. Springi usichomee kabisa, chuma chake kimepikwa kwa joto maalumu, ukichoma kinakuwa kama kioo pembeni ya weldi. Mwambie anunue nyingine hata akikasirika. Chesisi ya lori lenye mzigo mzito nayo mwelekeze gereji kubwa.

Kuhusu jenereta: iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe inveta. Wakati wa kuzima anza na inveta. Usiiache jenereta iishiwe mafuta ukiwa unachoma, inapokata pumzi volti zinapanda na kushuka na bodi ndiyo inayolipa. Ukipiga grainda, igeuzie mashine mgongo au isogeze mbali, feni yake inavuta vumbi la chuma moja kwa moja kwenye bodi. Kila mwisho wa wiki ifungue, ipulize kwa upepo mkavu.

Ukipata kibati cha ile ya 200, kipige picha ukiweke hapa kabla hujalipa, tukisome pamoja.